Kiungo Chini ya Sakafu

Kazi ya simu za ofisi niliianza kwa kupigwa nayo. Wakati huo nilikuwa sekreteri kwenye biro, yaani ofisi, ya mfanyabiashara wa mafuta ya mawese hapa Rumonge. Nilikuwa na diploma ya umeme kutoka shule ya ufundi ya Bujumbura, lakini diploma yenyewe ilikaa kabatini chini ya vitenge vya mama, maana kila nilikoomba kazi niliulizwa kama sina kaka aliyesomea umeme. Basi nikawa napokea simu. Biro ilikuwa na vyumba sita, kila chumba na simu yake, na zote zilitoka kwenye kisanduku kimoja cha rangi ya maziwa kilichofungwa ukutani nyuma ya kiti changu. Hicho ndicho tulichokiita santrali. Laini mbili za nje zinaingia, simu sita za ndani zinatoka, na mimi niko katikati nawaunganisha watu.

Siku moja simu ya bosi ikaanza kuvuma kama nyuki waliofungiwa mtungini. Akaitwa fundi. Alikuja mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na shati la mikono mirefu lililonyooshwa vizuri, na kiatu kimoja alikuwa amekikata ubavuni kwa ajili ya kidole kilichomsumbua. Ukoo wao ni Waarabu wa Omani, watu wa maduka ya Bujumbura tangu enzi za mababu. Yeye peke yake ndiye aliyekataa kukaa dukani. Alifanya kazi ya simu mjini mpaka alipostaafu, kisha akahamia Rumonge kwa sababu mke wake alikuwa mtu wa Kizuka na alitaka kuwa karibu na kwao.

Alipofungua kisanduku nikasimama nyuma yake.

"Hii fili ya bulu na nyeupe inaenda wapi?" nikamuuliza, nikionyesha waya mmoja.

Hakugeuka. "Unauliza kwa nini?"

"Nilisoma umeme."

"Umeme iko kitu kingine, simu iko kitu kingine." Akalowesha vidole viwili kwa ulimi, akagusa ncha mbili za waya, akatulia kidogo. "Hii iko muzima. Njoo, shika hapa."

Nikashika. Saa hiyohiyo mtu wa nje akapiga simu. Umeme wa kengele ya simu hauui, lakini hutafuna mkono mpaka kwenye kiwiko. Niliruka nikagonga kabati la mafaili. Nilitegemea atacheka. Hakucheka, ila kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Mkono wako wa kushoto ulikuwa wapi?"

"Mgongoni."

"Nani alikufundisha kuuficha mgongoni?"

"Shuleni, ili umeme usipite moyoni."

"Basi shule yako haikuwa mubaya," akasema, akarudi kwenye nyaya zake.

Baada ya wiki mbili niliacha kile kiti. Mama alilia. Alisema ameomba miaka mingi nipate kazi ya kukaa, na sasa naiacha ili nikapande ngazi na mzee asiye hata ndugu. Mzee mwenyewe alikuja nyumbani kuzungumza naye, akanywa chai, akamwambia kwamba binti huyu ana masikio. Mama hakuelewa, lakini alimheshimu kwa sababu alikuwa amevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Tulifanya kazi pamoja miaka saba. Tulifunga simu kwenye zahanati, kwenye hoteli ndogo, kwenye shule mbili, kwenye ghala la mawese la Kizuka, na siku nyingine tulishuka mpaka Kabonga kwa wafanyabiashara wa samaki. Siku ya kwanza ya kazi hatukugusa chombo chochote. Tulitembea chumba hadi chumba, na mzee alimuuliza kila mtu anakaa wapi, anaandika kwa mkono gani, mlango anaufungua kwa upande upi. Alisema simu inafuata mkono wa mtu, haifuati ukuta. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kubishana.

Tulibishana juu ya kila kitu. Mimi nilitaka kila waya uandikwe karatasi ndogo: huu wa keshia, huu wa daktari. Yeye alitaka kuhifadhi kichwani.

"Karatasi inadanganya," alisema.

"Na kichwa kinasahau, Mzee."

"Changu hakijasahau."

"Na siku haupo?"

"Siku sipo watakuita wewe."

Wateja walidhani tunagombana. Mama mmoja wa zahanati aliwahi kutuletea maji baridi, akasema tunywe tupoe. Lakini jambo moja hatukubishana. Kiungo cha waya lazima kichomwe kwa risasi ya kuyeyusha, kisha kifunikwe vizuri. Kusokota kwa vidole na kuzungushia utepe mweusi, alisema, ni kazi ya mtu anayetaka kukimbia. Mwaka wangu wa kwanza alinifanya nivute upya laini nzima ya mita thelathini kwa sababu ya kiungo kimoja nilichokisokota tu.

Kila siku saa sita mchana mke wake alipiga simu. Hakupiga kwa mumewe, alinipigia mimi, kwa sababu alijua mzee hapokei akiwa juu ya ngazi. "Mukobwa wanje," alisema, binti yangu, "mulete huyo mutu ale." Tulienda kula sombe, yaani kisamvu, iliyokolea mawese, na ndagala, dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, kwenye nyumba yao iliyokuwa chini karibu na ziwa. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, aliyemkemea mumewe kwa Kirundi mbele ya wageni, na mzee alikuwa akiinamisha kichwa huku akitabasamu ndani ya sahani.

Kazi ikiisha, mzee alinituma kwenye chumba cha mbali kabisa, akanipigia kutoka kwenye santrali. "Amahoro?" yaani salama? Nami nilijibu, "N'amahoro." Kisha aliuliza, "Unanisikia karibu ama mbali?" Nikisema mbali, tulifungua upya. Nikisema karibu, alikusanya vyombo.

Mwaka wa saba tulipata kazi kwenye ofisi ya ushirika wa wavuvi, pale pale ufukweni. Meneja, mama mmoja mkali na mwenye haki, hakutaka kuona waya ukutani. Kwa hiyo kwa chumba cha mizani, kilichokuwa ng'ambo ya ukumbi, tulichimba mfereji sakafuni, tukaweka bomba la plastiki, na waya ukapita ndani yake. Baada yetu wangekuja mafundi wa vigae. Siku ya tatu, mchana, simu yangu ikalia. Sikusikia "mukobwa wanje." Alikuwa jirani. Mama, mke wa mzee, ameanguka jikoni.

Nilimwambia mzee. Alikuwa amepiga magoti juu ya mfereji, mkono ndani ya bomba.

"Wewe panda moto, uende, uko mwepesi," akasema. "Mimi nafunga hapa, nakuja."

Nilipanda pikipiki, nikamkuta mama amelazwa kwenye mkeka, kichwa kwenye mapaja ya jirani. Tulimpeleka hospitali. Mzee alifika baadaye, saruji kwenye magoti ya suruali, na alipofika mama alikuwa hasemi tena. Aliishi siku kumi na moja bila kusema. Tulimzika Kizuka, kwao, mlimani.

Baada ya arobaini wanawe walikuja kutoka Maskati, ambako walikuwa wamehamia kutafuta maisha. Walitaka kumchukua mzee. Alikataa. Walirudi wakamwacha. Lakini kile kidole kikawa kidonda, kidonda kikapanda mguuni, daktari akasema sukari, na safari ya pili walipokuja hakuwa na nguvu ya kukataa. Asubuhi ya kuondoka alinipa mfuko wa vyombo. Alivipanga mezani kimoja kimoja na kunitajia, kisha akanilaumu kwamba nimepoteza bisibisi moja ndogo yenye mpini wa njano. Tulibishana juu ya bisibisi ile mpaka gari likapiga honi. Ndivyo tulivyoagana. Nilirudi ndani ya ile nyumba kufunga madirisha, na nikaikuta bisibisi kwenye droo ya jikoni, katikati ya vijiko. Nilikaa pale nikalia kama mtoto.

Tangu hapo alinipigia kila Ijumaa baada ya sala. Aliniuliza habari za ziwa, za mvua, za bei ya samaki wa mukeke, na nani amekufa. Alisema Maskati ni mji safi, watoto wanamtunza, wajukuu wanamfundisha Kiarabu ambacho babu zake walikisahau. "Lakini hapa hakuna mutu wa kunigombeza kwa Kirundi," alisema. "Na simu zao hazikatiki. Nitafanya nini na simu zisizokatika?" Siku nyingine aliniomba nimweleze tu nilikopita asubuhi hiyo, njia gani, duka gani limefunguliwa, nani kanisalimia. Nilimweleza. Nilisikia jinsi alivyokuwa akitembea nami.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Mwanzoni tulidhani ni mvua za mwaka ule, zitapita. Hazikupita. Maji yalikula mchanga, yakala bustani, yakaingia uwanjani mwa watu wa ufukweni. Nyumba ya mzee, iliyokuwa imepangishwa, wapangaji waliihama. Sikumwambia. Kwenye ushirika wa wavuvi maji hayakuingia ndani, lakini vigae vya ukumbi vikawa vinatoa jasho, na simu ya chumba cha mizani ikaanza kuvuma, halafu kunguruma, halafu kimya.

Ijumaa ile nilimpigia mimi. Kabla simu haijakufa kabisa nilikuwa nimerekodi mvumo wake, nikamsikilizisha.

"Hiyo iko tera," akasema. Maana yake ule waya unaoshuka ardhini kuilinda santrali. "Badilisha tera."

Nilibadilisha. Nilipigilia chuma kipya ardhini, nikavuta waya mpya. Hakuna kitu. Nikampigia tena.

"Angalia tena tera. Usivunje sakafu ya watu, binti. Utawaharibia vigae bure."

Sikuwa nimetaja sakafu wala vigae. Lakini wakati ule sikulifikiria hilo, nilifikiri ni uzee tu. Alikuwa hajawahi kuongea nami kwa sauti ile, sauti ya mtu anayefunga mlango. Siku mbili nilizunguka na ile tera. Mwishowe nikaupima ule waya kutoka pande zote mbili, na kipimo kikaniambia ugonjwa uko kama mita moja kutoka mlangoni, chini ya sakafu. Nikamwomba meneja ruhusa. Nikavunja vigae viwili.

Bomba lilikuwa limepasuka na kujaa maji. Ndani yake kulikuwa na kiungo. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole, bila risasi, zimezungushiwa utepe mweusi. Shaba ilikuwa imegeuka kijani na kulika. Nilikaa chini kwenye unyevu. Mwaka wangu wa kwanza ulinijia, na zile mita thelathini.

Meneja alisimama juu yangu. "Nani alifanya hii?"

"Iko ya zamani, madamu. Maji imeingia."

Niliweka bomba jipya na waya mzima usio na kiungo, simu ikapona. Ijumaa mzee akapiga.

"Ilikuwa tera?"

"Ilikuwa tera, Mzee."

"Alhamdulillahi," akasema, tukaendelea na habari za mvua. Lakini uongo ule ulikuwa mpya kwetu. Katika miaka yote ile hatukuwahi kudanganyana juu ya laini. Tulidanganyana juu ya uchovu, juu ya njaa, juu ya mguu wake. Laini, hapana.

Jumatatu mchana simu ililia. Haikuwa siku yetu.

"Binti yangu. Ulivunja vigae vingapi?"

Nikakaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu. "Viwili."

"Karibu na mulango?"

"Karibu na mlango."

Alivuta pumzi. "Siku ile ulipoenda na moto, nilivuta fili ikakatika ndani ya bomba. Nilikuwa na haraka, nilivuta vibaya. Fili nyingine ilikuwa nyumbani. Risasi nilikuwa nayo, hapo hapo ndani ya mfuko, lakini chuma cha kuchomea kinataka dakika kumi kupata moto. Sikuwa na dakika kumi. Nikasokota. Nikasema kesho nitarudi. Kesho nilikuwa hospitali. Nilipokuja kurudi, vigae vimeshawekwa. Nilisimama juu yake na viatu vyangu, nikasema tena kesho."

"Kwa nini uliniambia tera?"

"Kwa sababu nilitaka iwe tera." Akakohoa. "Na wewe, kwa nini uliniambia ilikuwa tera?"

"Mimi pia nilitaka iwe tera, Mzee."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. Halafu akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza, hospitali wala mazikoni, wala katika zile Ijumaa zote.

"Ulipofika nyumbani, alikuwa bado anasema?"

Nilitaka kujibu hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja wiki ile, na ya pili isingekaa.

"Alikuwa anasema."

"Alisema nini?"

"Aliuliza uko wapi. Nikamwambia unafunga laini, unakuja. Akasema, 'Mumuache amalize. Akiacha kazi nusu, huyo hatalala.'"

Nilisikia nyuma yake mtoto anasoma, na mashine ya kupoza hewa. Nilidhani laini imekatika, nikamwita. "Nipo," akasema. Halafu, "Dakika kumi mapema, binti. Ningemukuta anasema." Hapo akakata.

Wiki mbili hakupiga. Nilimpigia, mwanawe alipokea na kusema baba amelala. Nilijilaumu. Nilifikiri ningelimeza lile neno nikazikwa nalo, lisingemdhuru mtu. Wiki ya tatu, Ijumaa, alipiga kama kawaida akauliza habari za ziwa. Mwisho wa mazungumzo akasema, "Murakoze." Si desturi yake kunishukuru. Nikaelewa anashukuru kwa nini.

Kiangazi kilichofuata alikuja. Mwanawe mkubwa alimleta kwa wiki tatu. Nilimpokea kwenye kituo cha magari, nikamkuta amepungua, mguu mmoja unaburuzwa, lakini shati limenyooshwa vilevile. Jambo la kwanza alitaka kuona nyumba. Nilikuwa nimeiogopa siku hiyo. Tulisimama juu ya barabara, kwa sababu hapakuwa na njia ya kushuka. Maji yalikuwa yamefika kwenye madirisha, na mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ya baraza, pale alipokuwa akivua viatu. Mwanawe aliweka mkono begani mwake. Mzee akauondoa taratibu.

"Jiko lilikuwa upande ule," alimwambia mwanawe, kama vile kijana hakuwahi kula humo. Halafu akaomba tuondoke.

Alikwenda Kizuka kaburini, peke yake. Mimi na mwanawe tulibaki chini kwenye michikichi. Siku ya pili aliomba nimpeleke kwa ushirika wa wavuvi. Meneja alitupa viti. Mzee hakukaa.

"Madamu, kile kiungo chini ya sakafu nilikifanya mimi. Kilikuwa kibaya na nilikijua."

Meneja alinitazama, nami nikatazama chini. Kisha akamtazama mzee, miguu yake, fimbo yake. "Mzee," akasema, "simu ile ilisema miaka yote hiyo. Tumeuza samaki nayo. Na sasa tunahama hapa, maji yatakula biro yote. Ukae, unywe fanta." Mzee akakaa. Alikunywa fanta yote.

Nilikuwa na kazi ya ghala la Kizuka, santrali mpya ya simu nne tu. Nilimwambia kwa uoga, nikidhani atasema amechoka. Aliamka kabla yangu. Nilimwekea kiti kivulini pa mlango, mimi nikapanda ngazi. Alikuwa na shida ya macho, hakuona rangi ya nyaya, lakini alisikia nikikosea. "Umeshika nyundo juu sana." "Hapo ukuta iko tupu, toboa pembeni." Nilipoanza kuandika karatasi zangu ndogo akapiga fimbo chini.

"Bado na makaratasi yako!"

"Bado, Mzee. Na nyaya hizi za santrali mpya, utazikumbuka zote?"

"Zote nne? Unanitukana?"

Mlinzi wa ghala alikuja kuuliza kama kuna ugomvi. Tulicheka mpaka mzee akashika tumbo. Mchana nilinunua ndagala za kukaanga, tukala kwa mikono juu ya gunia, na alikula kama mtu aliyetoka mfungoni.

Alirudi Maskati. Mwanawe alisema mwaka kesho tutakuja tena, inshallah. Mzee alinisogelea dirishani mwa gari. "Najua mwaka kesho ya watoto," akanong'ona. Hakuwa na uchungu. Alinishika mkono na kuugeuza, akatazama kiganja, mahali pa malengelenge, akaridhika.

Hajaja tena, na sasa mguu ule hawezi kuusafirisha. Ijumaa zingine anapiga, zingine anasahau ni Ijumaa. Wateja wangu wanapungua pia, maana siku hizi kila karani ana simu yake mfukoni na bosi haoni faida ya simu ya mezani. Mwezi uliopita niliitwa kung'oa santrali mbili na kufunga moja. Nang'oa kwa mpangilio, waya kwa waya, kama alivyonifundisha kufunga.

Watu huniuliza kama simkumbuki nikipata tatizo gumu. Tatizo gumu nina kipimo, nina vitabu, nina macho. Ninamkumbuka kabla ya kazi kuanza, asubuhi, nikiwa nimeshatembea vyumba vyote na nimeamua waya upite wapi. Ninasimama na mashine ya kutobolea mkononi mbele ya ukuta mzima, nimesema kwa sauti, "Nitatoboa hapa," na hakuna mtu anayekataa.